Kingereza cha Kutamani

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo nimeanza masomo kwa Mwalimu Mithika. Amestaafu lakini ukali haujastaafu. Mtihani wangu wa kurudia ni Novemba. Mwaka juzi Kingereza kilinipa E—mimi sikufeli, kilifeli chenyewe. Nikipita naomba kazi ya polisi, na Runyenjes nzima, kwetu Embu, itanisalimia kwa mikono miwili. Nikianguka, nitafunga vifurushi vya miraa hapa Kianjai, Meru, mpaka nizeeke.

Somo la kwanza: subjunctive. Mwalimu akaandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo: If I were you. Nikamwambia kwa heshima, Mwalimu, hapo umeteleza, ni I was. Binti yake Maxine, anayefundisha nasari, alikuwa anapeta maharagwe. Alicheka mpaka nusu ya ungo ikamwagika! Anacheka kama posho mill inayosaga mahindi.

Kumbe ni Kingereza cha kutamani. Cha mambo ambayo si kweli. Mimi si wewe, kwa hivyo “were.” Mwalimu akataka mfano. Nikasema: If I were ugly. Maana si kweli!

Maxine akaniambia nijaribu mfano wa pili, huo una mashaka.

Jumatano, 3 Septemba

Maajabu! I suggest that he go. HE GO! Bila “es”! Darasa la sita nilichapwa viboko vinne kwa kuandika he go. Leo nasikia kuna mahali he go ni sawa kabisa, ukiwa unapendekeza au unaamuru. Sasa nirudishiwe viboko vyangu. Nilizaliwa nikijua subjunctive, walimu ndio walichelewa.

Mwalimu anasema hata Kiswahili kinayo: aende, ale, aoge.

“Hasa aoge,” Maxine akasema, akiniangalia.

Nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja. Huyu msichana hana adabu. Simtaki hata kidogo.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimemwambia bosi wangu Kailemia: I demand that I be given tea. Amenipa vifurushi arobaini zaidi nifunge. Elimu ina maadui.

Jumamosi, 13 Septemba

17 kwa 20!! Mwalimu amerudia kuhesabu, haamini. Maxine ameniletea chai ya tangawizi bila kuombwa. Kikombe kizima. Simtaki, naandika tu kwa sababu ni kweli.

Mwalimu hataki malipo. Kwetu Embu ningempelekea jogoo. Hapa kila mtu na miraa, basi nikamwomba Kailemia anipe ile ya heshima kabisa, ya kupeleka nyumbani kwa Mithika.

“Mithika mwenye binti?” akauliza.

Nikasema huyo huyo.

“Una hakika, Njoka?”

Nikamwambia nina hakika kuliko yeye. Akaichuma mwenyewe kutoka miti ya babu yake, akaifunga kwa majani ya mgomba, vizuri ajabu. Kisha akanishika mkono kwa muda mrefu. Nikajua habari ya ile 17 imemfikia.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika nikiwa kwa choo cha Mwalimu. Nimejifungia. Afadhali shajara yangu naiandika kurasa za nyuma za daftari la masomo, nilikuja nalo.

Baada ya kanisa nilileta kifurushi. Mwalimu akakitazama, akavua miwani, akaivaa tena. Hakukifungua. Akatuma ndugu zake wawili waitwe! Viti vikaletwa. Wakakifungua pamoja, wakatafuna polepole. Halafu yule mkubwa akaniambia:

“Karibu, muthoni.”

Muthoni! Hilo neno hata Embu tunalijua. Ni mkwe!

Akanieleza kama mtoto. Huku kwao, kifurushi kikifungwa namna ile na kuingia kwa nyumba yenye msichana, hiyo ni posa. Wazee wakikifungua, wamekubali kusikiza. Kilichobaki ni msichana aulizwe.

Wamempigia hadi baba yangu! Ameuliza tu kama msichana amesoma, sasa anatafuta koti lake aje.

Nikisema sikujua, nimewatafunisha wazee watatu aibu, na masomo yameisha. Polisi nitaiona kwa barabara tu.

Maxine akaitwa. Akasimama mlangoni, akanikazia macho.

“Njoka. Ulijua maana ya hii kitu?”

Hakucheka. Siku zote hucheka! Nikasema naomba kwenda msalani kwanza.

Nyuma ya choo kuna pengo kwa ua. Ndama wanapita hapo, hata mimi natosha. Nimelipima kwa macho mara tatu. Barabara ya Meru iko hapo tu, kabla giza niko Runyenjes kwa mama.

“Njoka! Umelala huko?” Ni Maxine. Yuko karibu sana, peke yake.

Wazee watasubiri, anasema, lakini yeye anataka jibu kabla hajarudi ndani.

Pengo bado liko wazi. Hakuna anayelilinda.

Mbona basi ninachomekea shati?