Wake Wenza wa Gulnar

Weston, Toronto
24 Machi 2012

Kwa ndugu yangu Mihambo,

Salamu nyingi zikufikie hapo Sikonge, wewe, shemeji na wajukuu. Natumaini goti lako limetulia na mvua hazijaharibu njia ya kwenda porini. Sisi tunaendelea, ila Gulnar bado anatembea kwa kushikilia kiegemeo cha chuma, tangu alipoteleza kwenye barafu mwezi wa Januari akavunjika nyonga.

Nadim, mwanetu, anataka tuhamie kwake Mississauga, ghorofa ya kumi na moja, jengo lenye lifti. Mama yake amekataa. Alimwambia kwamba baba yake ana mizinga miwili uani, na mtu hang'olewi kwenye nyuki wake. Nyuki wakifa wenyewe kwa baridi, hapo watazungumza. Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Chumba chetu kiko juu, ngazi kumi na tatu. Unajua tabia yangu ya kuandika kila kitu. Shajara yangu inasema: 19 Februari, amepumzika mara mbili akipanda. 4 Machi, mara nne. 15 Machi, ameketi kwenye ngazi ya sita, akasema anatazama picha ya harusi ukutani.

Najua utacheka tena kwamba nyuki wangu wanakaa kwenye makabati ya mbao. Gulnar naye huwaita wake wenza. Kila asubuhi huuliza wake wenza wake wameamkaje, na nikichelewa uani husema zamu yake imeliwa.

Huku, mzinga ukishafungwa karatasi nyeusi mwezi wa Novemba, haufunguliwi. Nyuki hujikusanya kama ngumi, malkia katikati, wakitetemeka ili wapate joto, wakila asali uliyowaachia. Wewe unangoja tu, hujui kama unalinda nyuki au sanduku. Mwaka huu joto limekuja mapema ajabu. Jumanne, tarehe 20, watu walitembea na mashati mepesi kando ya mto Humber, miti haijaota hata jani. Saa nane mchana nikawasha bomba la kufukizia nyuki moshi, nikatoka.

Niligonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama mzee wako alivyotufundisha chini ya ile mizinga ya magome. Unakumbuka na onyo lake: usitangaze mzinga ni mtupu kwa kubahatisha, maana ukishautangaza si wako tena, ni wa atakayekuwa wa kwanza kumwona nyuki wake akiwa hai.

Mzinga wa kwanza haukujibu. Nilipofunua, walikuwa wamekufa, vichwa vyao ndani ya masega, kama watu waliosinzia wakisoma. Wa pili nao nikagonga, nikabandika shavu kwenye ubao. Mihambo, ilitoka sauti ya chini, ndefu, kama ya watu wanaosali chumba cha pili. Nikafunua kidogo. Harufu ya nta ikapanda na joto lao likanigusa uso, nami sikujua tena niko wapi. Nilikuwa dukani kwa baba, magunia ya nta yamepangwa hadi dirishani, wewe umekaa juu yake unakula karanga zetu. Ndege ya kwenda uwanja wa Pearson ilipita, nikaisikia kama mvua inayokuja kutoka upande wa Ipole. Nyuki walitoka mmoja mmoja, wakizunguka kichwa changu polepole, wageni wa jua. Sijui nilisimama muda gani. Bomba lilikuwa limezimika.

Sasa nikuambie nililolifanya, maana sina mwingine wa kumwambia. Nilirudisha kifuniko, nikaingia jikoni, nikamwambia Gulnar kwamba mizinga yote miwili imekufa. Nikaandika hivyo hivyo kwenye shajara, ambayo huachwa wazi mezani: 20 Machi, yote miwili, hakuna kitu. Kwa miaka arobaini na miwili sijawahi kuandika humo jambo ambalo halikuwa.

Gulnar alinitazama shingoni. Akanivuta karibu, akaninyooshea kola kama tunapokwenda jamatkhana kusali, akaniambia pole, akaomba chai. Nilipogeukia jiko nikasikia dirisha likisukumwa. Nikadhani anataka hewa.

Asubuhi nilifungua shajara. Chini ya mstari wangu, kwa mwandiko wake uliolala, mkono ambao haujawahi kugusa daftari lile, palikuwa pameandikwa: 20 Machi, saa kumi kasorobo. Mke mwenza mmoja, kwenye kola. Mzima. Nimemtoa dirishani.

Yeye alikuwa sebuleni na simu, akimwambia Nadim aje Jumamosi na maboksi.

Hatujalitaja, si mimi wala yeye. Jana alimwita Errol, jirani yetu Mgoa wa Kisumu, akamwomba aupokee ule mzinga wa pili nyuma ya uzio wake. Alimwambia ni mzinga wake yeye, na mumewe ana ruhusa ya kuja kuutazama siku za Jumapili. Kwa sheria ya mzee wako, naona sina la kubisha.

Leo Nadim yuko juu anafunga vitabu. Anwani mpya nimeiandika nyuma ya bahasha. Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia, na ugonge mzinga mmoja kwa niaba yangu.

Ni mimi nduguyo,
Sherali Mohamedali