Diski ya Tatu

S.L.P. 318,
Musoma.
14 Machi 1999

Kaka Keraryo,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wifi Tereza, pamoja na huyo binti yenu ambaye mpaka leo mnamwita "mtoto". Natumaini baridi ya Bergen imepungua na kifua cha wifi kimetulia. Huku mvua zimeanza vizuri, mahindi yetu ya Butiama yamefika magotini, na ng'ombe wote sita wapo, mmoja ana mimba. Baba anakusalimu. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyoni sina raha, na sababu utaisoma humu humu.

Barua yako ya Februari nimeipata Jumanne. Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaenda kupika. Kurasa nne, Kaka, na zote zinahusu namna ya kuongeza sauti ya maiki. Unasema diski ya tatu nayo ni kimya, umeijaribu kwenye kompyuta za watu watatu, na huenda sikukipandisha kile kidude cha sauti mpaka juu. Halafu chini umenichorea picha ya kidude chenyewe, na mshale, kana kwamba nasoma chekechea. Mwisho unaniagiza nimkalishe Baba nirekodi upya, kwa kuwa mtoto ana miezi saba na bado anasubiri jina kutoka nyumbani.

Nilikwambia tangu mwanzo kwamba kaseti ingetosha. Redio kaseti ya Baba ipo, aliinunua alipopunguzwa kazi kiwandani, na ndicho kitu pekee kilichobaki katika kiinua mgongo chake. Unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, unaongea, basi. Wewe ukasema kaseti huchakaa, na sauti ya babu akimpa mjukuu jina inatakiwa idumu. Simu nayo Baba aliikataa, maana pale posta watu hupanga foleni na kusikia kila neno, na yeye hatoi jina la mtoto mbele ya foleni. Basi ukatuma kompyuta. Ikafika Septemba na makasha yake matatu, ikakalia meza ya chakula, na sisi tukahamia mkekani.

Diski ya kwanza niliituma bila kuisikiliza, hilo ni kosa langu. Ulipoandika kwamba haina kitu, nikaongeza sauti ya spika mpaka jirani akauliza ni nini kinachokoroma. Nikamwita Felisian, fundi redio mwenye kibanda karibu na meza yangu ya mitumba pale sokoni. Alikuja na bisibisi, akaifungua, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akahamisha waya wa maiki kwenye matundu yote, kisha akatangaza kwamba mashine hii inasikiaga vizuri, ila haitaki kusema. Nililipia maneno hayo kwa chai na sangara mzima.

Kumbe kwenye skrini kuna madirisha mawili yanayofanana kama mapacha. Kwenye dirisha la kusikiliza, ukiweka tiki kwenye kisanduku cha maiki, maana yake nyamaza. Kwenye dirisha la kurekodi, ukiweka tiki, maana yake sema. Aliyebuni jambo hilo sijui alikuwa amekosana na nani. Nililigundua mwenyewe siku ya tatu, umeme ukakatika kabla sijamwita Baba, na uliporudi kila kitu kilikuwa kimejirudisha kama mwanzo. Kwa hiyo, Kaka, mambo ya kidude usinifundishe. Nakijua kuliko ninavyoijua nyumba yangu.

Diski ya pili ulipata salamu tupu, ukacheka. Mimi sikucheka. Unamjua Baba, hawezi kuanza jambo kabla ya kusalimia. Alikusalimu wewe, akamsalimu wifi, akawasalimu wakwe, akawapa pole watu wa huko kwa baridi, akauliza kama wana ng'ombe na kama ng'ombe hao wanakamuliwa, na hapo dakika ikaisha. Hiyo mashine hujizima yenyewe kila dakika moja, mpaka ubonyeze tena kile kitufe chekundu. Mimi sikulijua hilo, wala sikuwepo chumbani. Baba alikuwa amenitoa, akisema maneno ya jina ni ya baba na mwanawe wa kwanza, binti asubiri jikoni. Basi akaihutubia mashine iliyokwisha kulala, karibu nusu saa, akatoka ametosheka kabisa.

Ndipo ikaja Januari. Kifua kilichomsumbua Baba tangu Septemba kilikuwa kimepanda kooni, sauti yake ikaanza kukwaruza, na madaktari wa Mwanza wakampangia kupasuliwa koo mwezi wa Machi. Nikamweleza kwamba diski inabeba dakika mbili tu, kwa hiyo salamu aziache. Hilo lilimuudhi siku nzima. Mwishowe akakubali, na akakubali Felisian akae naye kubonyeza kile kitufe, kwa kuwa ni mwanamume na si wa ukoo wetu. Mimi nikaenda jikoni. Walipotoka, Felisian aliniambia kazi imekwisha, akapokea chai yake, akaondoka.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa napazunguka tangu juu. Siku hiyo maiki haikuwa na kosa lolote. Ilinasa vizuri mno.

Baba alipolala mchana, nilikaa nikasikiliza peke yangu. Hakusalimu, kama nilivyomwomba, na neno lake la kwanza lilikuwa jina langu. Alisema, "Bhoke ananigombezaga kama mtoto wa shule." Akakushtakia kwamba nimemficha tumbaku, uji wangu hauna chumvi, namvalisha sweta mchana wa jua, na nimemkataza kwenda Butiama kuona ng'ombe wake mwenyewe. Dakika nzima, Kaka. Mimi niliyeifunga meza sokoni miezi minne, ninayemfulia na kumkandakanda kifua. Alipofika kusema mwanamke huyu hana huruma, niliona giza. Sikusikiliza zaidi. Nikafuta yote. Nikarekodi chumba kitupu kwa dakika mbili, nikakutumia, nikijua utaisingizia maiki. Na kweli uliisingizia.

Nilijiambia nitamkalisha tena hasira ikipoa, kwani Machi ilikuwa mbali. Haikupita wiki, Mwanza wakatuita kwamba nafasi imepatikana. Ile barua niliyokuandikia kwamba wametoa uvimbe na anaendelea vizuri ilikuwa nusu ya habari. Walitoa koo la sauti lote. Baba anakula, anatembea, juzi alifika mpaka kwa jirani. Lakini hasemi, Kaka, na hatasema tena. Anaandika kwenye daftari la shule. Kwa hiyo usiniambie nirekodi upya. Hakuna cha kurekodi.

Ningeweza kufa na siri hii, ila Jumamosi Felisian alikuja kumjulia hali. Nilipomsindikiza akaniambia ni bahati yale maneno yalinaswa mapema, hasa yale ya dakika ya pili. Nikamuuliza maneno gani. Akashangaa, akidhani nimesikia, kisha akanisimulia pale pale njiani. Hakukumbuka yote. Kumbe Baba ni yule yule, husifu baada ya kumaliza kulaumu, nami nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Baba alisema kwamba huyo huyo mkali ndiye aliyemfikisha mwaka huu, na kama angeachiwa tumbaku na ng'ombe wake angekuwa amezikwa tangu Krismasi. Alisema anajua wote mnatarajia jina la Bibi Wankyo, lakini Bibi amekwisha kupata wajina wengi katika ukoo. Kisha akasema: "Mtoto aitwe Bhoke, na awe mkali hivyo hivyo."

Hayo ndiyo niliyoyafuta.

Baba ameniuliza mara tatu kwenye daftari kama jina limefika. Mara tatu nimemjibu kwamba limefika na mmefurahi sana. Nakuomba uufanye uongo huo uwe kweli. Nikasirikie utakavyo, ninastahili, lakini mwandikie Baba kwa herufi kubwa, maana miwani yake imechoka. Halafu mrekodi wifi akimwita mtoto kwa jina lake, mtutumie hiyo diski. Zamani Baba aliniita kutwa nzima mpaka nikamwambia jina langu litaisha. Sasa akinihitaji anagonga kikombe kwa kijiko. Diski ikifika nitamkalisha mezani, na kile kidude chako nitakipandisha mpaka juu.

Wifi nisalimie sana, mwambie asitembee bila skafu. Felisian anakusalimu na kusema mashine sasa inasema. Mungu awalinde wote watatu.

Ni mimi mdogo wako,
Bhoke