Babu Alifika Mpaka Mtoni

Birere, Goma

Papa yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha hayo magoti yako ambayo mama anasema yamegoma kukufikisha kanisani. Dawa umemaliza, au umeificha tena chini ya kitanda? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Biashara ya maharage inaenda kwa kusukumwa: leo barabara iko wazi, kesho imefungwa, na mchana kutwa nakula vumbi jeusi na kupigiwa honi na pikipiki. Jioni mgongo hautaki kusikia habari ya kupika.

Lakini kazi uliyonituma nimeifanya. Najua nyumbani jina la baba yako halitajwi. Alipelekwa Rutshuru kulima kahawa ya mzungu, enzi za Wabelgiji, wewe ukiwa bado wa kubebwa mgongoni. Na najua umezeeka na swali moja: alikufa kweli huko, au alikutupa kama majirani walivyonong'ona?

Mwanamke mmoja wa Kalengera, huko huko Rutshuru, anayeniletea maharage siku hizi anaishi kambini Kanyaruchinya, vita vilimleta. Aliposikia natoka Lubero, akaniambia ana jirani, bibi kizee, ambaye baba yake alikuwa Munande, mtu wa kabila letu, mkata matawi ya kahawa. Akataja na kilima chetu. Jumapili nikaenda kwa miguu.

Papa, kaa vizuri. Yule bibi ni dada yako, baba yenu ni mmoja. Wanamwita Mama Furaha. Ana paji lako la uso na ubishi wako pia: kigoda ni kimoja, akakataa katakata nikae chini.

Alinieleza taratibu huku akichambua mboga. Babu hakufa kwa homa iliyomaliza wafanyakazi wa lile shamba. Mzungu alikuwa amemhamishia shamba lingine, na wenzake waliopona wakarudi nyumbani na habari ya kifo. Ukoo ukafanya inavyofanywa kwetu mtu akifia mbali: wakazika mgomba mahali pake, wakanyoa nywele, wakafunga matanga, na bibi, mama yako, akarithiwa na mdogo wa babu, yule mzee aliyekulea.

Kazi ya mzungu ilipoisha, babu akarudi na chumvi, na kitambaa cha bibi. Alifika mpaka mtoni, chini ya kilima. Wanawake waliokuwa wakichota maji walipomwona wakatupa vibuyu wakakimbia. Akashuka mdogo wake, akasimama ng'ambo huku analia. Maneno ya huyo mdogo, Mama Furaha aliyasikia kwa baba yenu mara nyingi:

"Yaya, mukubwa wangu, tulisha kukuzika. Mutu mwenye balisha kuzika haingiaka tena mu nyumba. Ukivuka huu muto, ule mutoto wako atakufa."

Babu akaomba akuone tu. Wakakuleta, wakakuinua juu. Akaweka chumvi na kitambaa juu ya jiwe, akageuka na njia aliyojia. Baadaye akaoa Kalengera, akapanda kahawa yake mwenyewe, na huko ndiko alikozikwa. Usiniambie niende kutafuta kaburi sasa, njia si nzuri.

Nilitaka kumchukia yule mzee aliyekulea, nimeshindwa. Aliamini alichokisema, na babu aliamini pia. Niliporudi nililia njia nzima mbele za watu, wala sikuona aibu.

Dada yako nimemchukua. Hema lilikuwa linavuja na kifua chake kibaya, kwa hiyo tunabanana kwenye chumba changu, na usiku anakohoa mimi sipati usingizi. Nimechoka, papa, lakini sitamrudisha.

Nisalimie mama, mwambie sombe yake, yale majani ya muhogo, naiota. Msalimie mke wa kaka na watoto wake. Na dada yangu Kavira, anayekusomea barua hii, apumzike kidogo hapa kabla ya kuendelea.

Jana nilimuuliza Mama Furaha kama babu aliwahi kututaja. Aliniangalia kama niliyeuliza upuuzi.

"Kila mufanyabiashara mwenye alitoka Lubero, papa alikuwa anamuuliza: kule kwetu, ule mutoto angali muzima? Bakimwambia ndiyo, hiyo siku analala."

Ni mimi binti yako,
Masika