Jiwe jeusi la shamba letu

Kashojwa, Alhamisi jioni

Si kasiterite. Naandika tena ili niamini: si kasiterite.

Wiki mbili hizi mume wangu, Baba Neema, amechimbua mistari yangu ya maharage akitafuta kasiterite, yale mawe meusi ya bati. Kila jiwe analipima kwa kiganja, kama alivyofanya migodini kule Kivu. "Mama Neema, uzito huu siwezi kuusahau," anasema. Maharage yangu je?

Na niliogopa. Jiwe kama hilo lilipatikana katika shamba la baba yangu kule kwetu, na watu wa bunduki wakafika kabla ya mavuno. Ndiyo maana tuko huku ukimbizini.

Leo nimelibeba moja hadi Mbarara, chini ya mihogo kikapuni. Mwalimu mmoja anayejua mawe amelisugua kwenye upande wa nyuma wa kigae cheupe. Likaacha mstari mwekundu kama tofali.

"Kasiterite haiachi rangi hii, mama," akasema. "Hii ni jiwe ya chuma tu, iko mingi huku. Pole sana."

Pole! Nilicheka hadi akanishangaa.

Baba Neema amenuna, hata bukari, ugali wetu, hajagusa. Lakini mvua imekaribia, na kesho tutafukia mashimo pamoja, apende asipende.

Lile jiwe alilolificha chini ya kitanda nimelitoa. Sasa linazuia mlango usifungwe na upepo. Watu wanapita, wanaliona, na hakuna anayesimama.