Siku ya Kanisa Duniani

Jumatano, 21 Januari 2026

Kichwa kwenye bango la kinyozi, siku ya tatu. Nywele zimekubali, pua imekataa. Otieno mwenye kinyozi alipita saa nne akasema mtu niliyemchora anafanana na shemeji yake, na yeye na shemeji hawasalimiani. Nimeahidi kumbadilisha. Nitamwekea masharubu.

Katibu ametaga tena ndani ya sanduku la brashi. Ndiye kuku wa mwisho wa marehemu mke wangu, Mama Nekesa. Alimpa jina hilo kwa sababu wamama wa chama walipokutana hapa, kuku aliingia akakaa katikati mpaka kikao kiishe. Yai lilikuwa na doa la rangi ya bluu. Nimelila hivyo hivyo.

Miwani imevunjika mkono. Nimeufunga kwa waya. Baridi asubuhi, vumbi mchana.

Ijumaa, 23 Januari

Sista Chebet, muuguzi wa zahanati, alikuja mwenyewe. Anataka bango la kitambaa, mita nne, la tarehe nne mwezi ujao. Lisomeke: SIKU YA KANSA DUNIANI. NJOO UPIMWE BURE. Nikamwuliza mbona asiseme saratani, ndicho Kiswahili sanifu.

"Fundi, ukiandika saratani watu wa Langas watadhani ni kitu ya redio. Andika kansa, washtuke kidogo."

Nilisema sawa. Nilisema haraka, kama mtoto aliyeitwa jina darasani. Alipoondoka nikakaa juu ya mkebe wa rangi, nikakaa sana.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwangu. Mama Nekesa aliugua miezi minane, kansa ya njia ya uzazi, na miezi hiyo yote tuliita "ule ugonjwa". Kwa majirani tulisema presha. Kwa Nekesa, binti yetu wa pekee aliyekuwa chuoni, tulisema vidonda vya tumbo. Mamake ndiye aliyetaka hivyo. Alinishika mkono akasema mtoto amalize mtihani kwanza. Nikaahidi. Alikufa Novemba ya mwaka juzi, wiki ya mtihani wenyewe.

Nekesa alilisikia neno hilo mazishini, kwa kipaza sauti, mchungaji akisoma maisha ya marehemu. Aligeuka akanitazama. Kesho yake akabeba begi akaenda.

Anakaa mtaa wa Pioneer. Si mbali. Nikitoka alfajiri naweza kwenda na kurudi kwa miguu kabla ya chai ya saa nne. Anauza dawa za mifugo kwenye duka moja mjini. Sijamwona miezi kumi na minne. Namtaka mtoto wangu. Sina namna nyingine ya kuliandika hilo.

Jumapili, 25 Januari

Kanisani. Mahubiri marefu, benchi gumu. Mzee Barasa, sauti ya besi ya kwaya, alisinzia akashtuka na "Amina!" mahali ambapo mchungaji alikuwa akitangaza choo kimeziba. Nilicheka nikageuka kushoto kumwangalia Mama Nekesa, tucheke pamoja. Kulikuwa na mama mwingine pale, na kofia yake. Nikarudisha uso mbele.

Mchana nikamtumia Nekesa ujumbe: "Umeamkaje mwanangu? Katibu bado anataga." Tiki mbili. Zikawa bluu. Saa kumi akajibu: "Sawa." Nina "sawa" zake ishirini na tatu kwenye simu hii. Sijafuta hata moja.

Jumanne, 27 Januari

Bango limekwisha. Nilivuta uzi wenye chokaa, nikapima kwa rula, rangi nyekundu. Nilianza na mstari wa chini, NJOO UPIMWE BURE, kwa sababu huo hauna shida. Kisha SIKU YA. Kisha nikanywa maji. Nikafagia. Nikamfukuza Katibu, ambaye alikuwa hajafanya lolote. Halafu nikaliandika neno lile kwa mara moja, sikulitazama, kama mtu anayemeza kwinini. DUNIANI ikafuata.

Zamani kazi haikutoka mlango huu bila Mama Nekesa kuisoma. Aliishia darasa la tano na bado alinishinda. Alisoma kutoka mwisho kuja mwanzo, herufi moja moja, akigusa kwa kidole. Alisema ukisoma kama kawaida macho yanakudanganya, yanaona unachotaka. Kidole kilishika rangi, naye akakipangusa kwenye fremu ya mlango. Alama ziko pale. Nyekundu, nyeusi, bluu. Ya mwisho ni ya kijani, ya kibao cha posho mill, kinu cha unga. Fremu hiyo siipaki rangi. Mwenye nyumba ameshasema mara mbili.

Katibu amelipiza kisasi. Amekanyaga rangi mbichi, kuna unyayo mmoja mwekundu baada ya BURE. Nimeuacha. Ukisimama mbali unafanana na nyota.

Alhamisi, 29 Januari

Bango limefungwa kati ya nguzo mbili karibu na steji ya boda boda, mbele ya zahanati. Sikwenda kuliona. Nilisema nina kazi. Kazi yenyewe ilikuwa masharubu. Otieno anasema sasa ni baba mkwe wake kabisa.

Jumamosi, 31 Januari

Siku mbaya.

Mama Njoroge, mwenye duka hapa kando, alikuja na sufuria mkononi. "Baba Nekesa, hiyo siku ya kanisa ni ya kanisa gani? Na wanapima nini, imani?"

Nilitoka na ndala. Lilikuwa pale, mita nne, herufi nzuri kuliko nilizowahi kuandika. SIKU YA KANISA DUNIANI. NJOO UPIMWE BURE.

Nusu ya wateja wangu ni makanisa. Neno hilo nimeliandika Langas mara nyingi kuliko jina langu. Sikutazama, mkono ukaenda ulikozoea. Na hakukuwa na mtu wa kusoma kutoka mwisho.

Vijana wa boda walikuwa wakipiga picha. Mmoja akauliza, "Mzee, na sisi wenye tumeokoka juzi tutapimwa, ama tungoje tukomae?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani nilifunga mlango. Sikupika.

Jumapili, 1 Februari

Picha imefika kwa kila grupu. Haikuishia hapo. Mchungaji, mtu mwema sana, alitangaza madhabahuni kwamba Jumatano ni Siku ya Kanisa Duniani, hata yeye hakuwa na habari, kwaya ivae sare. Nilitaka kusimama niseme. Nikabaki benchini. Ni woga. Si kingine. Niliuona mazishini, nimeuona tena leo.

Saa nane simu ikalia, ujumbe. Nekesa. Si "sawa".

"Baba, hata kwa kitambaa umeshindwa kuiandika?"

Nimeusoma kutoka mwanzo. Nimeusoma kutoka mwisho, neno moja moja. Hauna kosa.

Jumatatu, 2 Februari

Sikufanya kazi. Nililala mchana nikiwa na viatu. Katibu aliingia akakaa katikati ya nyumba kama kuna kikao.

Jumanne, 3 Februari

Nimeenda kwa Sista Chebet. Nilitegemea atanifokea. Alikuwa ameshaona picha, alishacheka, alishamaliza. "Wacha tu, Fundi. Kesho ni kesho, nani atasoma saa hii?"

Nikamwambia kuna mtu mmoja atasoma.

Niliazima ngazi kwa Mama Njoroge. Vijana wa boda waliishika chini, wala hawakutania. Nilipanda na mkebe wa rangi nyeupe, rangi ya kitambaa. Herufi ni moja tu, I. Niliipaka mara mbili, bado ilionekana kwa mbali, nikapaka ya tatu. Ikabaki KAN SA, na pengo katikati kama jino limeng'olewa. Nikiwa juu pale nikalisoma kwa sauti.

"Umesemaje Mzee?" akauliza aliyeshika ngazi.

"Kansa."

"Ah, ni kansa kumbe," akasema. "Mathe yangu iko nayo." Akaendelea kushika ngazi, kama aliyesema mamake ana mafua.

Niliposhuka nilipiga picha nikamtumia Nekesa. Nikaandika: "Ni kansa. Kesho nitakuwa hapa kutoka saa tatu." Tiki mbili. Bluu. Hakujibu.

Jumatano, 4 Februari

Mkono umechoka, naandika kidogo. Tuone.

Kwaya ilikuja. Wote, sare ya zambarau, Biblia, kayamba. Hakuna aliyekuwa amesoma pengo langu, au walisoma wakadhani ni kitambaa kimekunjwa. Sista Chebet akasimama juu ya kiti akawaeleza ni siku gani. Wamama kadhaa wakaanza kutafuta mikoba yao chini. Hapo Mama Njoroge akasema kwa sauti kubwa kwamba amefunga duka lake tangu asubuhi, ameoga, amevaa, na haendi nyumbani bila kupimwa, ikiwa ni imani ikiwa ni kingine. Akaenda akakaa kiti cha kwanza. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Baadaye wakaanza kuimba kwenye foleni. Sista anasema mwaka jana, na neno likiwa sawasawa, walikuja wachache na wakajificha nyuma ya jengo.

Akanigeukia. "Na wazee pia." Tukatolewa damu ya kupima tezi dume, mimi na Mzee Barasa. Sindano ilipoingia akasema Amina.

Saa sita nikamwona Nekesa.

Alikuwa na koti la dukani. Amekonda. Anatembea kama mamake, mguu wa kushoto ukitangulia kidogo. Alisimama chini ya bango akaangalia juu, akaangalia sana. Nikamwendea. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga tangu Jumapili. Kwamba ni mamake aliyeniomba. Kwamba niliahidi. Ni kweli yote. Yalikuwa kwenye ulimi. Halafu nikaona nitakuwa namsukumia mtu ambaye hawezi kujibu. Na mdomo uliofungwa ulikuwa wangu.

Nikasema, "Mama yako alikuwa na kansa. Nilijua tangu Machi. Sikukuambia."

Hakulia. Kwaya ilikuwa inaimba wimbo wenye beti nyingi.

"Ningekuja kukaa na yeye," akasema. "Hiyo tu, Baba. Mtihani ungengoja."

"Najua."

"Nikimwota bado ananiambia ni tumbo."

 

Kisha akauliza foleni inaanzia wapi. Nikamwonyesha. Akavua mkoba begani akanipa, akaenda akasimama nyuma ya wamama wa zambarau.

Nilishika mkoba wa kike saa moja na nusu mbele ya kwaya nzima. Mwekundu, na pambo la plastiki linaning'inia. Mzito, sijui wasichana hubeba nini. Mzee Barasa aliniambia niuweke kwenye benchi. Sikuuweka. Mlango wa chumba cha kupimia ulifunguka na kufungwa, nikahesabu wanaotoka. Niliwahi kukaa kwenye mlango kama huo na mkoba mwingine, mweusi, wa mamake. Niliogopa sana. Naandika hivyo hivyo, niliogopa.

Alitoka. Sista hakuona kitu kibaya, arudi wakati aliopangiwa. Alichukua mkoba akasema lazima arudi kazini.

Nikamwambia Jumapili kuna kuku. Si Katibu.

"Sawa, Baba," akasema.

Hiyo ya leo ilikuwa na sauti.

Jumapili, 8 Februari

Alikuja baada ya kanisa, na pakiti ya unga na dawa ya minyoo ya Katibu kutoka dukani kwao. Tulipika yeye na mimi. Niliunguza vitunguu. Hatukuongea mengi. Aliuliza mamake alikuwa akila nini miezi ile ya mwisho, nikamwambia: uji, na baadaye maji ya uji. Aliuliza kama aliumia. Nikasema ndiyo. Akasonga ugali.

Bango la kinyozi lilikuwa limeegemea ukuta, rangi bado mbichi. Kichwa nimekipa kofia, Otieno amekubali. KINYOZI SAFI. WAZEE, VIJANA NA WATOTO. Nekesa alichuchumaa mbele yake akiwa na kikombe cha chai. Nilidhani anacheka masharubu. Akaweka kikombe chini. Akaanza na O ya mwisho, akagusa, akaja T, akaja O, akirudi nyuma pole pole.

"Baba, VIJANA umesahau A moja."

Nikavaa miwani ya waya. Kweli. VIJNA.

Nikaenda kutafuta brashi ndogo. Niliporudi alikuwa amesimama mlangoni anaangalia nje, chai mkononi. Kwenye fremu, chini kidogo ya kijani, kulikuwa na alama mpya, nyeusi, bado inang'aa. Hakuwa ameniuliza pa kupangusia.

Nimeongeza A. Imebanana kidogo, lakini inasomeka.