Blanketi la Chini ya Bembea

Jumanne, 4 Juni

Yai kaja dukani leo. Ni mdogo wangu, na jina hilo nimempa mimi kimoyomoyo, maana nyumbani analelewa kama yai. Ijumaa anakwenda mlimani na wakwe zake watarajiwa. Watalala kwenye bembea za kitambaa zilizofungwa mitini, kama popo! Mama mkwe — Kamanda, nimembatiza leo leo — ametangaza kwamba mwanawe haoi mwanamke wa kulialia. Mchumba aliyetangulia alitetemeka usiku mmoja, akaomba arudishwe. Uchumba ukafia hukohuko.

Yai akanishika mkono. Dada, nichagulie blanketi la chini, wewe ndiye fundi.

Fundi! Naumia mgongo kwenye cherehani nyuma ya duka, nashona mahema ya watu wanaokwenda, mimi siendi popote. Na huyo mchumba wa Yai aliletwa hapa na zipu ya hema. Alikuja kwangu mimi. Akarudi tena, zipu nzima, eti ikaguliwe. Nikaanza kupaka wanja. Halafu siku moja Yai akaniletea chakula cha mchana. Basi, kwisha habari yangu.

Nikamwambia nitakuchagulia kama najichagulia mwenyewe. Akanibusu shavuni. Nimelinawa mara mbili.

Jumatano, 5 Juni

Nimeyatandaza mezani mablanketi yote matatu. Wateja hawaelewi: kwenye bembea baridi inakupanda mgongoni. Ukililalia blanketi, hata liwe nene vipi, uzito wako unalibana linakuwa karatasi tupu. Ndiyo maana hili linatundikwa nje, chini ya bembea, liiguse bila kubanwa.

La kijivu: limejaa manyoya ya bata, refu, shingoni hadi nyayoni. La buluu: la kati. La waridi: zuri, laini, la kiangazi, linaishia magotini. Hilo hata paka angelikataa.

Yai nimempa la waridi. Nimelitia kwenye mfuko wa lile la kijivu, wenye picha ya theluji.

Tena nimemfundisha kulitundika. Legeza kamba, mpenzi, lining'inie, lipumue. Sikumwambia kwamba upepo utajipitia hapo katikati. Akarudia kama mtoto wa chekechea: legeza, lipumue. Nikampigia makofi.

Jioni Mama kapiga simu kunishukuru. Sauti imekwaruza, kifua chake tena. Eti Mungu kampa mabinti wanaopendana. Nilicheka mpaka nikajidunga sindano.

Alhamisi, 6 Juni

Nimelala fofofo.

Ijumaa, 7 Juni

Wameondoka. Leo wanalala kwenye vibanda vya geti la mlima, kesho ndiyo bembea, huko juu. Redio inasema upepo mkali. Safi!

Bosi kauliza mfuko wa lile la kijivu uko wapi. Nikasema panya. Nimejinunulia keki, nimekula peke yangu. Yai atarudi analia, mimi nitamfungulia mlango, nitamkumbatia, nitamwambia wanaume ni wengi. Nimeshayafanyia mazoezi hayo maneno mbele ya kioo.

Jumamosi, 8 Juni

Ujumbe wa Yai, umeingia mchana. Dada usikasirike, tulikuficha. Kamanda alimwalika Mama, wakazungumzie harusi hukohuko. Mama alijua ungemkataza kwa sababu ya kifua. Mimi mwenyewe nimenunuliwa blanketi na mchumba juzi, nene ajabu. Kwa hiyo lako nimempa Mama. Mama kafurahi! Kamanda kataka kumwazima la kwake, Mama kakataa katakata: eti hili kalichagua binti yangu mkubwa kwa mikono yake. Nitamfungia mimi, kama ulivyonifundisha. Hapa mtandao unaisha.

Nimepiga. Hapatikani. Nimepiga tena.

Mama yangu! Kifua kile! Usiku mzima, upepo mgongoni, miguu nje!

Nimelichukua la kijivu nikakimbilia stendi. Gari la mwisho limeshaondoka. Nikampata mlinzi wa getini kwa simu. Mtu mpole. Anayo redio ya mawasiliano, anaweza kuzungumza na kiongozi wao kabla hawajalala. Akaniuliza: tuwaambie nini, dada?

Nikamwambia nitakupigia.

Nimekaa kwenye benchi la stendi, blanketi mapajani. Naandika ili nipate maneno. Mwambieni Mama — nimefuta. Mwambieni Yai dada yake ni — nimefuta.

Kuna njia nyingine. Mwambieni Yai ampe Mama blanketi lake, alikaze kamba, yeye achukue la Mama. Maneno machache tu. Atampa, hatauliza kwa nini, ndivyo alivyo. Mama atapata joto. Yai atalala kwenye la waridi, mbele ya Kamanda.

Hakuna atakayejua chochote.

Simu inaita. Ni mlinzi, kachoka kusubiri.