Kicheko cha Chiriku

Dada yangu mpenzi,

Anayekuandikia leo ni mtu mkubwa, mtu ambaye akipata mafua nchi nzima inaamka na mikunjo. Mashati yote ya kijivu ya mji huu yanapita chini ya pasi yangu, na hata wakubwa hawathubutu kutoka nje kabla sijawanyooshea kola. Hapa kiwandani naitwa Simba wa Pasi. Jina hilo sikujipa mwenyewe, au tuseme nilijipa wakazoea.

Natumaini magoti yako yametulia na shemeji bado anakoroma salama. Mimi mzima, ila usingizi umenihama. Ukiona mwandiko unayumba usiilaumu elimu yangu ya darasa la nne. Naandika gizani, taa nimeizima.

Huku kwetu, dada, hakuna tena mtu kucheka kicheko chake mwenyewe. Kuna Kicheko cha Wote. Kila asubuhi kipaza sauti kinatufundisha: ha, ha, ha, halafu mdomo unafungwa. Anayezidisha au kupunguza anapelekwa kunyooshwa. Mwanzoni nilitamba kwamba wameniiga mimi, maana kunyoosha ndiyo kazi yangu. Nikaacha utani jirani yetu seremala aliporudi kutoka huko. Juzi nyundo ilimponda kidole. Akacheka ha, ha, ha, akafunga mdomo, machozi yanamchuruzika. Mkewe alikuwa mlangoni anamtazama, naye ikambidi acheke.

Sasa unamjua mwanao uliyenikabidhi nimtunze. Hakuitwa Chiriku bure. Kicheko chake huanza kama kwikwi, kikapanda ngazi, kikaishia na mluzi wa birika. Nilimwambia kikimjia akimeze na maji. Akawa anakimeza mpaka mashavu yamemkonda, na mimi mjomba mtu ikawa inaniuma kumwangalia.

Jumatatu umeme ulikatika, vyerehani vikanyamaza, nikawa nawasimulia wenzangu nilivyowahi kumpiga pasi tembo mzima, tukamkunja, tukamweka kabatini. Mshona vifungo akanidakia, eti Simba wee, na mkonga mliutundika wapi? Nikamwambia mkonga ndio uliokuwa umeshika pasi. Hapo Chiriku, ambaye hunikunjia mashati, akapasuka. Kicheko chote, na mluzi wake, kikatokea dirishani.

Mlango ukafunguka. Akaingia mkaguzi tunayemwita Bwana Rula, kijana aliyenyooka utadhani amemeza fito. Akauliza kwa upole kile kilikuwa cha nani. Upole wake ndio ulionitisha. Akaanza kupita mashine moja moja, akimtaka kila mtu acheke mbele ya sikio lake. Alipobakiza mtu mmoja kumfikia Chiriku, na mtoto wa watu amepauka midomo, nikajitokeza nikasema mkuu, kicheko kile ni changu. Akaniambia haya, kirudie.

Dada, mimi ninayeweza kumsimulia maiti akaomba maji, nilifungua mdomo hakikutoka kitu. Rula akasogea mpaka nikaona vinyweleo vya pua yake. Ndipo nikatumia akili: nikajimwagia chupa ya maji ya kunyunyizia mashati, suruali ikalowa yote mbele, makusudi kabisa, ili nimchanganye.

Akaitazama suruali. Akanitazama usoni. Kisha Rula akacheka. Si kile cha wote, dada, chake mwenyewe! Alilia kama mwanambuzi aliyenaswa uzioni, hawezi kujizuia, mpaka akashika ukuta. Alipokuja kunyamaza alitukuta sote tumeinamisha vichwa, tumejifanya viziwi. Uso ukamsawijika. Akatoka bila kumwandika mtu.

Wenzangu walinipiga mabega kwa furaha. Mimi sikufurahi. Mtu ambaye siri yake imo masikioni mwa watu hatulii mpaka watu hao wanyooshwe, na tangu jana kuna gari limesimama mbele ya lango la kiwanda, hashuki mtu wala hapandi mtu.

Kwa hiyo aliyekupa barua hii ni mwanao mwenyewe. Nimempakia kwenye lori la marobota ya mashati yanayokuja huko kwenu, ambako vipaza sauti havijafika. Mpe chakula, funga mlango, halafu mwache acheke mpaka achoke. Mimi sitakuja. Tukitoweka wawili watajua ni cha nani, na mbele ya watu nimesema ni changu. Kila siku najifunika blanketi gubigubi na kujizoeza ule mluzi wa birika, ili wakiniambia tena nikirudie nisikwame. Kwikwi naiweza. Mluzi bado.

Msalimie shemeji, wasalimie na majirani wanaonikumbuka. Barua hii ukishaisoma itie motoni.

Ni mimi mdogo wako,
Simba wa Pasi

Nilitaka kuishia hapo, lakini Chiriku anajua, na wewe ni dada yangu. Ile chupa haikuwa na maji. Yalikwisha tangu asubuhi, wala sikuigusa. Suruali ililowa yenyewe, Rula aliponisogelea. Mwanao alivua sweta lake akanifunga kiunoni, tukatembea hivyo mpaka nyumbani, na njia nzima hakucheka hata kidogo.